Klachi: Jina Moja, Maradhi Mawili

Yamkini msomaji wa safu hii, aliyezoea kutukuta tukizozana juu ya ngeli na vitenzi, atashangaa leo kuona ukurasa unanuka dizeli. Na astahimili kidogo. Suala ninalolileta ni la lugha vilevile, ila limejificha chini ya tumbo la trekta kuukuu, mahali ambapo sisi wanaisimu hatuna desturi ya kuinama.

Sangailu iko Ijara, kusini mwa Garissa, upande unaoelekea msitu wa Boni na mpaka wa Lamu. Wenyeji wake wengi ni wafugaji wa Kisomali, na jirani zao msituni ni Waboni, ambao lugha yao, Kiaweer, ni jamaa ya karibu ya Kisomali. Mwaka huko haugawanywi kwa miezi ya kalenda bali kwa mvua: gu, inayoanza mnamo Aprili, na deyr, ya Oktoba hadi Disemba. Mwenye kishamba cha mahindi au kunde hupewa na Mwenyezi Mungu siku chache tu za kulima kabla ardhi haijalowa kupita kiasi na njia kukatika. Trekta likikataa siku hizo, hakuna kesho ya kulikarabati. Kesho ni deyr.

Matrekta yanayoonekana katika sehemu kama hizo aghalabu ni ya zamani. Massey Ferguson 135, lililoanza kuundwa Uingereza katikati ya miaka ya 1960, bado linalima pembe nyingi za Kenya kwa injini yake ya Perkins ya silinda 3, ilhali waliolinunua likiwa jipya wamekwisha kuwa mababu au marehemu. Ni mashine isiyo na makuu. Kiungo chake kinachosumbua zaidi uzeeni ni klachi, na hapo ndipo penye hoja yangu.

Klachi ni mpatanishi. Injini huzunguka wakati wote, magurudumu hayapaswi kuzunguka wakati wote, na kati yao pana sahani yenye ngozi ya msuguano iliyobanwa na springi dhidi ya gurudumu zito la injini. Pedeli ikiachwa, sahani hubanwa na trekta huenda. Pedeli ikikanyagwa, sahani huachiliwa na dereva hupata nafasi ya kubadilisha gia. Kwa hiyo klachi ina kazi mbili zinazopingana, kushika na kuachia, na ina namna mbili za kufa: yaweza kushindwa kushika, na yaweza kushindwa kuachia. Maradhi hayo ni kinyume kama homa na baridi, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Hata hivyo, madereva wetu wengi huyapa yote jina moja: "klachi imekwisha."

Nilibahatika kuwapo katika karakana moja mjini Garissa fundi alipopigiwa simu na mzee wa Sangailu. Mzee alikuwa amekwisha kumtuma mpwawe mjini na fedha mkononi ili anunue sahani mpya. Fundi hakuuza. Aliomba kwanza aseme na mzee mwenyewe.

"Adeer, ukikanyaga pedeli mpaka chini, gia zinaingia au zinalia?"

"Zinalia, kama ngamia anayepakiwa mzigo."

"Na siku ya mwisho ulipolima, lilivuta vizuri?"

"Lilivuta sana."

"Limesimama tangu lini?"

"Tangu deyr. Halikuguswa."

Kwa maswali matatu fundi alikuwa amekwisha kuiona klachi asiyoiona. Sahani iliyokwisha huteleza: injini hunguruma kwa hasira, plau inakwama udongoni, na harufu ya kuungua hupanda puani. Gia zake huingia bila taabu. Lakini trekta lililovuta vyema, likasimama miezi kadhaa katika unyevu, kisha likaamka na gia zinazolia, sahani yake haijalika. Imegandana na chuma kwa kutu. Kumuuzia mzee sahani mpya kungekuwa kumkata mguu mtu aliyeteguka kidole, maana trekta la aina hii halina fremu kama ya lori: injini na giaboksi ndizo uti wa mgongo wake, na kuifikia klachi ni lazima lipasuliwe katikati.

Maagizo yalikuwa haya. Injini izimwe kabisa. Gia itiwe ndani. Pedeli ikanyagwe hadi mwisho na kuzuiwa kwa gogo la mti ili isirudi. Lori lilivute kwa mishtuko mifupi, mbele na nyuma, na pasiwe na mtu mbele ya magurudumu. "Na wewe, Adeer, usitazame magurudumu. Tazama feni." Feni huendeshwa na injini, maadamu inazunguka pamoja na magurudumu, sahani bado imegandana. Siku ya pili simu ililia, na sauti kutoka Sangailu haikungoja salamu: feni imesimama, magurudumu yanakwenda.

Nilichokisikia mimi, kwa masikio ya kazi yangu, ni kwamba mazungumzo yote yale yalibebwa na vitenzi. Nomino "klachi" haikusaidia lolote. Ndiyo iliyokuwa imempotosha mzee tangu mwanzo. Waingereza waliita chombo hiki kwa kitenzi cha kushika kwa nguvu, Wajerumani wanakiita Kupplung, yaani kiunganishi, na Waitaliano, ambao maneno yao ya magari yalisambaa kusini mwa Somalia enzi za utawala wao, wanakiita frizione, yaani msuguano. Kila taifa lilitazama upande mmoja wa chombo. Sisi tulikopa jina likiwa limefungwa, tusijue ndani mna nini. Sina ugomvi na mkopo huo, na simuungi mkono mwenzangu yeyote atakayetaka tubuni neno jipya la kamati. Klachi ni klachi. Linalonikera ni kwamba tulikopa jina tukasahau kwamba tunavyo vitenzi vya kulifafanua, tena vizuri kuliko vya wakopeshaji.

Kiswahili kina kiambishi cha kutendua ambacho lugha nyingi zingekionea wivu. Funga na fungua, choma na chomoa, nasa na nasua: shina ni lile lile, na kitendo kinarudishwa kinyumenyume kama filamu. Klachi ni chombo cha kunasa na kunasua, basi. Dereva anayesema "hainasi" amekwisha kutofautisha maradhi yake na ya yule asemaye "hainasuki", na fundi wa Garissa hatahitaji swali la pili. Kisomali nacho kina qabo, shika, na daa, achia. Mzee wa Sangailu hakukosa lugha. Alikosa kuulizwa kwa lugha hiyo.

(Wanaisimu wenyewe tuna klachi yetu. Roman Jakobson alipoandika mwaka 1957 juu ya maneno kama mimi, wewe, hapa na sasa, ambayo maana yake hubadilika kwa kutegemea msemaji, mfasiri wake kwa Kifaransa, Nicolas Ruwet, aliyaita embrayeurs, kutokana na embrayage, neno la Kifaransa la klachi. Ni maneno yanayoiunganisha injini ya lugha na barabara. Nimefundisha istilahi hiyo miaka mingi, na sikuwahi kuielewa kama nilivyoielewa karakanani.)

Si kila mara, bila shaka, kamba na lori hutosha. Ikiwa maradhi ni ya kuteleza, kuna jaribio jepesi: injini ikinguruma, tia gia ya juu kabisa, kaza breki, kisha achia pedeli polepole mahali pa wazi. Klachi nzima itaizima injini. Ikiendelea kunguruma na trekta limesimama, sahani hainasi. Kabla ya kulipasua, tazama kwanza kama pedeli ina nafasi ndogo ya bure juu kabla haijaanza kusukuma; isipokuwapo, springi hazibani sawasawa, na marekebisho ya fimbo tu yaweza kuponya. Pedeli isiyo na nafasi hiyo, au mguu wa dereva unaopumzika juu yake kutwa nzima, humaliza beringi na sahani kabla ya siku zake.

Likipasuliwa, fundi mwema huweka kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na mhimili wake ili injini isipinduke. Kisha hutafuta chanzo. Sahani iliyolowa mafuta haikufa kifo chake. Imeuawa na sili inayovuja, ama ya krenki ama ya giaboksi, na anayebadilisha sahani akaiacha sili atalipasua tena msimu ujao. Wakati wa kuirudisha, sahani lazima ikae katikati kabisa, la sivyo shafti haitaingia. Nimeona kipande cha mti kilichochongwa kikafanya kazi hiyo barabara. Na lile vumbi jeusi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kwa kuwa sahani za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, nayo husababisha saratani. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Haya yote yamo katika vitabu vya watengenezaji, kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini urasmi huo haujashuka mpaka chini ya trekta. Historia yetu inajua gharama ya mashine zinazotangulia maarifa. Huko Kongwa, Tanganyika, mradi wa karanga ulioanza 1947 uliletewa matrekta yaliyobaki baada ya vita, mengine kutoka Ufilipino. Mengi yakalala yamekufa katika ardhi ngumu, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Vyuo vya ufundi vya kaunti havihitaji kungoja kamati ya istilahi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, na Kisomali nyuma yake, ungetosha kwa kuanzia, ubandikwe dukani panapouzwa sahani: Gia zinaingia au zinalia? Lilivuta vizuri mara ya mwisho? Limesimama tangu lini? Muuzaji asipokee fedha kabla hayajajibiwa.