Ajira ya wenye ulemavu ihesabiwe baada ya mwaka

Shilingi 2,000 kwa mwezi ndizo anazolipwa mtu mwenye ulemavu mkubwa kupitia mpango wa serikali ya Kenya wa Inua Jamii, iwapo familia yake ni maskini. Ukiishi Nyalenda au Manyatta, mitaa ya Kisumu, lipa kodi ya chumba cha mabati uone kinachobaki.

Ruzuku hiyo ya tangu 2011 iliwalenga wanaohitaji kutunzwa saa zote: kulishwa, kuoshwa, kulindwa. Kwa hiyo mlezi naye hufungwa nyumbani, na mara nyingi mlezi huyo ni mama au nyanya. Tukizungumzia kazi, mimi ningeanza na yeye. Mwanamke wa Dunga aliyeacha kuanika omena ili kumtunza mwanawe anaweza kurudi ufuoni akipata mahali salama pa kumwacha mtoto hadi adhuhuri. Kituo cha aina hiyo katika kila wadi kingeongeza kipato cha nyumba nyingi bila kumpokonya mtu yeyote ruzuku yake.

Wapo wengine wanaoweza kufanya kazi wenyewe na wanaitafuta. Sheria iko upande wao. Katiba ya 2010 iliahidi asilimia 5 ya nafasi za umma, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyotiwa sahihi Mei 2025, inawataka waajiri wenye wafanyakazi 20 na zaidi watenge asilimia hiyo hiyo. Ni ushindi uliopiganiwa miaka mingi. Hata hivyo, hesabu ya asilimia haituelezi kama aliyeajiriwa Januari bado yuko kazini Desemba.

Kati ya miezi hiyo ndipo watu wanapopotea. Fundi cherehani ambaye ni kiziwi hushona vizuri kuliko wenzake, lakini maagizo ya asubuhi hutolewa kwa mdomo. Kipimo kikibadilika asijue, analaumiwa kwa uzembe. Anayetumia kiti cha magurudumu huachwa na matatu pale Kondele, au hutozwa nauli ya kiti pia, mwishowe anakodi tuktuk peke yake na mshahara unaishia barabarani. Anayeishi na ugonjwa wa akili anahitaji ruhusa ya kwenda kuchukua dawa katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo wenyeji huiita Russia, bila kuitwa mtoro. Kila mmoja wao anaijua kazi yake. Kilichomwangusha kingerekebishwa kwa mazungumzo ya nusu saa, kama angekuwapo wa kuyaanzisha.

Marekani, tangu miaka ya 1990, Robert Drake na Deborah Becker wamejenga mfumo wa namna hiyo kwa watu wenye maradhi makali ya akili: mtu huingizwa kwanza katika kazi halisi aliyoichagua, kisha mshauri huendelea kumsaidia yeye na mwajiri wake. Umejaribiwa katika nchi nyingi, na umewapatia watu kazi wengi zaidi kuliko mafunzo marefu yanayotangulia ajira.

Huku kwetu mafunzo yapo. Taasisi ya Sikri, kaunti ya Homa Bay, imefundisha ufundi vijana viziwi na vipofu. Itando kule Vihiga ni chuo cha serikali cha watu wenye ulemavu. Anayehitimu hupewa cheti, akibahatika na vifaa, kisha anaachwa. Hazina ya taifa ya watu wenye ulemavu hutoa ruzuku za vifaa. Iwalipe pia washauri wa kufuatana na wahitimu hawa kwa mwaka mzima, wakiwemo wakalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya.

Jambo moja zaidi, na hili ni la serikali. Familia inayotegemea Inua Jamii huogopa kazi ya miezi mitatu kwa sababu haijui kama jina likifutwa litarudishwa. Iandikwe wazi kwamba kazi ikikatika, malipo yanarejea mwezi unaofuata, bila kusajiliwa upya wala kupimwa tena hospitalini.