Majengo ya Kale ya Nanjing: Kipi cha Asili, Kipi Kilichojengwa Upya

Nanjing uko ukingo wa kusini wa mto Yangtze, kiasi cha kilomita 300 kutoka Shanghai kuelekea magharibi. Leo ni makao makuu ya jimbo la Jiangsu na una wakazi zaidi ya milioni 9. Miji michache ya China imepata kuwa makao ya wafalme mara nyingi kama huu, na michache imebomolewa mara nyingi kama huu. Kuanzia mwaka 229, Sun Quan wa dola ya Wu alipoufanya mji wake mkuu, hadi mwaka 589, nasaba sita zilitawala kutoka hapa. Jeshi la nasaba ya Sui lilipoiangusha ya mwisho, majumba ya kifalme yalisawazishwa na ardhi yake ikalimwa. Mji ulirudi kuwa makao makuu chini ya nasaba ya Ming mwaka 1368, kisha chini ya waasi wa Taiping kati ya 1853 na 1864, kisha chini ya Jamhuri katika karne ya 20.

Kwa sababu hiyo, anayetembelea Nanjing hukuta mapengo makubwa. Enzi zile sita zimeacha karibu wanyama wa mawe wenye mabawa tu, waliokuwa walinzi wa makaburi ya wana wa kifalme, ambao baadhi yao bado wamesimama nje kidogo ya mji katika eneo la Qixia. Vitu vya asili vilivyobaki kwa wingi ni vya vipindi viwili: miaka ya mwanzo ya Ming na miaka ya Jamhuri. Vingi vya katikati ni vya kujengwa upya. Swali la kuuliza mbele ya kila lango na kila paa ni moja: hiki ni cha lini? Kibao cha maelezo hakijibu swali hilo waziwazi kila mara.

Pa kuanzia ni ukuta wa mji. Zhu Yuanzhang, aliyeuanzisha, alikuwa mtoto wa wakulima maskini, akabaki yatima wakati wa njaa na tauni, akaishi kama mtawa wa Kibudha, kisha akajiunga na waasi waliokuwa wakipigana na utawala wa Wamongolia. Aliuteka Nanjing mwaka 1356. Ukuta ulianza kujengwa mwaka 1366, miaka miwili kabla hajatangaza nasaba yake ya Ming, na kazi iliendelea kwa zaidi ya miaka 20. Urefu wake wote ulikuwa kiasi cha kilomita 35, na kati ya hizo karibu 25 bado zimesimama. Kuta za miji mikuu ya China kwa kawaida huchorwa mraba. Ukuta wa Nanjing umepinda kufuata vilima, mito na ziwa Xuanwu, kwa kuwa mjenzi wake alitaka maji na miinuko vimsaidie kulinda mji.

Utajiri wa ukuta huu uko kwenye matofali yenyewe. Mengi yana urefu wa kama sentimita 40 na uzito unaozidi kilo 10. Yalichomwa katika wilaya nyingi zilizopakana na Yangtze na vijito vyake, kisha yakaletwa kwa mashua. Ubavuni mwa tofali kumepigwa muhuri wa maandishi: jina la wilaya lilikotoka, afisa aliyesimamia, kiongozi wa kijiji, fundi wa tanuri, na mwisho kabisa mtu aliyelifyatua. Sababu ilikuwa ya kiutawala. Tofali likipatikana na kasoro, ilijulikana ni nani wa kuulizwa. Lakini hatua hiyo ya ukali imehifadhi kitu ambacho vitabu vya historia vya wafalme havikukihifadhi, yaani majina ya maelfu ya wafyatua matofali wa karne ya 14, watu ambao hakuna mwandishi wa ikulu aliyewahi kuwataja. Mgeni asiyejua kusoma Kichina bado anaweza kuyaona maandishi hayo kwa macho na kuyagusa kwa kidole, na hakuna kitu kingine Nanjing kinachostahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi. Matofali yaliunganishwa kwa chokaa, na penye haja ya nguvu zaidi chokaa hiyo ilichanganywa na uji wa mchele wa kunata.

Sehemu mbili za ukuta zinatosha kwa siku moja. Ya kwanza ni Lango la Zhonghua, upande wa kusini. Hapa kuna milango minne iliyofuatana, na katikati yake nyua tatu zilizozungushiwa kuta ndefu. Adui aliyevunja mlango wa kwanza alijikuta uani, lango zito likiteremshwa nyuma yake na mishale ikitoka juu pande zote. Ndani ya unene wa ukuta mna vyumba 27 ambamo, inakadiriwa, askari 3,000 waliweza kukaa na vyakula vyao. Ghorofa ya mbao iliyokuwa juu ya lango iliteketea katika vita vya mwaka 1937, na haijarudishwa. Ya pili ni kipande kilicho karibu na hekalu la Jiming, ambapo mtu hutembea juu ya ukuta huku ziwa likiwa upande mmoja na mji upande mwingine.

Kwamba vipande hivi vipo ni jambo la kushukuru. Katika miaka ya 1950 ukuta ulianza kubomolewa ili kupisha barabara na kupata matofali ya ujenzi. Mwaka 1956 mwanahistoria Zhu Xie, aliyekuwa na cheo katika idara ya utamaduni ya Jiangsu, alipinga ubomoaji huo hadharani, na Lango la Zhonghua likanusurika. Mwaka uliofuata aliandamwa kisiasa, na alifariki mwaka 1968 kabla jina lake halijasafishwa.

Mashariki ya ukuta kuna Zijin, mlima wenye urefu wa mita 448, na chini yake makaburi mawili yanayofaa kutembelewa kwa mpangilio wa wakati. La kwanza ni Xiaoling, kaburi la Zhu Yuanzhang mwenyewe. Kazi ilianza mwaka 1381, mkewe akazikwa hapo mwaka uliofuata, na yeye akazikwa mwaka 1398. Kaburi halijafukuliwa. UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2003, pamoja na makaburi mengine ya kifalme ya Ming na Qing. Njia ya kuliendea ina wanyama wa mawe wa aina sita, jozi 12, wengine wamesimama na wengine wamepiga magoti: simba, ngamia, tembo, farasi na viumbe wawili wa ngano. Mmoja wa viumbe hao anaitwa qilin, na habari zake zitarudi kwenye kisa cha Malindi. Njia hii nayo haikunyooka. Inazunguka kilima ambamo inaaminika amezikwa Sun Quan, yule wa mwaka 229. Majumba ya mbao ya kaburi yaliungua katika vita vya Taiping, na yaliyopo sasa ni madogo kuliko ya awali. Mawe, ngazi na ukuta mkubwa mbele ya kilima cha kaburi ni vya asili.

Kaburi la pili ni la Sun Yat-sen, rais wa kwanza wa muda wa Jamhuri. Tarehe 15 Februari 1912, siku chache baada ya mfalme wa mwisho wa Qing kujiuzulu, Sun alikwenda Xiaoling kutangaza mbele ya kaburi la Zhu Yuanzhang kwamba utawala wa Wamanchu wa Qing umekwisha. Alifariki Beijing mwaka 1925, na mwili wake ukaletwa Nanjing mwaka 1929. Msanifu wa kaburi, Lü Yanzhi, alifariki mwaka huohuo akiwa bado kijana. Ngazi ni 392, zimekatwa kwa majukwaa mapana. Anayetazama kutoka chini huona ngazi tupu zikipanda bila kukoma. Akifika juu na kugeuka, haoni ngazi hata moja, bali majukwaa tu. Paa ni za vigae vya buluu, kinyume cha rangi ya njano ya wafalme.

Magharibi, karibu na Yangtze, kuna eneo ambalo wageni wengi hulipita. Ni chelezo za Longjiang, zilikojengwa meli za Zheng He. Zheng He alizaliwa Yunnan mwaka 1371 katika familia ya Kiislamu, akatekwa akiwa mtoto jeshi la Ming lilipoingia jimbo hilo, akahasiwa, na akakua katika nyumba ya mwana wa mfalme aliyekuja kutawala kwa jina la Yongle. Kati ya 1405 na 1433 aliongoza safari saba za baharini hadi India, Ghuba ya Uajemi, Uarabuni na pwani ya Afrika Mashariki. Chelezo tatu ndefu zimebaki, sasa zimejaa maji kama mabwawa. Mwaka 1957 hapa palipatikana mhimili wa usukani wenye urefu wa mita 11, na uchimbaji wa 2003 na 2004 katika chelezo moja ulitoa mihimili mingine, mbao na zana za maseremala. Vitabu vya Ming vinazipa meli kubwa urefu unaozidi mita 120, jambo ambalo wataalamu wengi wa uundaji wa meli za mbao wanalitilia shaka. Meli iliyosimama bustanini ni mfano wa kisasa na isichukuliwe kuwa ushahidi wa ukubwa wowote.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, mabwawa haya yana uzito wa pekee. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa Yongle, na watumishi wa ikulu walimpokea kama qilin, kiumbe cha baraka kinachotokea nchi inapotawaliwa kwa haki. Katika safari ya tano, iliyoondoka mwaka 1417, sehemu ya msafara ilifika Malindi kuwarudisha wajumbe. Sarafu za zama za Yongle zimeokotwa Mambrui na kisiwani Manda, Kenya. Qilin wa mawe walioko Xiaoling hawana shingo ya twiga. Wamechongwa kwa kufuata ngano za Kichina.

Kumbukumbu nyingine za Zheng He zimetawanyika. Msikiti wa Jingjue, kusini ya mji, ulijengwa enzi ya Zhu Yuanzhang na kujengwa tena mwaka 1430 kwa ombi la Zheng He. Kaburi lake liko chini ya mlima Niushou, lina maandishi ya Kiarabu, na limejengwa upya mwaka 1985. Wanahistoria wengi wanaona kuwa mwili wake haumo, kwani wanaamini alifariki akiwa safarini. Hekalu la Jinghai, lililojengwa kuenzi safari hizo, lina historia chungu: humo mwaka 1842 yalifanyika mazungumzo ya Mkataba wa Nanjing, uliowapa Waingereza kisiwa cha Hong Kong na kufungua bandari tano. Mkataba ulitiwa saini tarehe 29 Agosti ndani ya meli ya kivita ya Uingereza iliyotia nanga mtoni. Majengo ya sasa ya hekalu ni mapya.

Mnara wa Kauri wa hekalu la Bao'en ndio mfano ulio wazi zaidi wa pengo. Yongle aliuanzisha mwaka 1412. Ulikuwa na pembe nane, ghorofa tisa, urefu wa karibu mita 80, na ulifunikwa kwa vigae vya kauri vilivyong'aa juani. Wasafiri wa Ulaya waliusifu kwa karne mbili, kisha mwaka 1856 ukabomolewa katika vita vya Taiping. Mnara wa chuma na vioo uliofunguliwa mwaka 2015 unaonyesha mahali ulipokuwa, na wajenzi wake hawajajifanya kuwa wameurudisha. Cha thamani kiko chini: misingi ya asili, pamoja na habari za masanduku ya masalia ya Kibudha yaliyogunduliwa mwaka 2008 kwenye shimo la zama za nasaba ya Song.

Katikati ya mji, Ikulu ya Rais imekusanya tawala nyingi katika kiwanja kimoja. Ilikuwa ofisi ya magavana wa Qing, kasri la Hong Xiuquan, kiongozi wa Taiping, mahali Sun Yat-sen alipoapishwa tarehe 1 Januari 1912, na makao ya serikali ya Jamhuri hadi wakomunisti walipoingia Nanjing mwezi Aprili 1949. Kusini kidogo, kando ya mto Qinhuai, Hekalu la Konfyushasi ni la kujengwa upya katika miaka ya 1980. Jumba la Mitihani lililo jirani lina maana zaidi: katika kilele chake lilikuwa na vijumba zaidi ya 20,000 ambamo watahiniwa wa utumishi wa serikali walikaa peke yao kwa siku kadhaa, wakiandika na kulala humohumo. Mitihani hiyo ilifutwa mwaka 1905.

Jumba la Kumbukumbu ya Mauaji ya Nanjing, huko Jiangdongmen, litengewe siku yake. Jeshi la Japani liliuteka mji tarehe 13 Desemba 1937, na kwa muda wa wiki sita liliua mateka wa vita na raia na kubaka wanawake kwa maelfu. Mahakama ya Nanjing ilihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 300,000. Mahakama ya Tokyo ilitaja zaidi ya 200,000. Jumba lilifunguliwa mwaka 1985 juu ya kaburi la halaiki, na mifupa inaonekana pale ilipopatikana. Halafu, karibu na Mnara wa Ngoma, kuna nyumba ya John Rabe, mfanyabiashara wa Kijerumani na mwanachama wa chama cha Nazi, aliyeongoza eneo la usalama ambamo watu wasiopungua 200,000 walipata hifadhi. Mamia walilala katika kiwanja chake. Ndani ya Jumba la Kumbukumbu, picha hazipigwi kwenye vyumba vya mifupa, wala haifai kuzungumza kwa sauti ya juu.

Majengo mengi ya serikali, likiwamo Jumba la Kumbukumbu, Ikulu ya Rais na kaburi la Sun Yat-sen, hufungwa Jumatatu, na mengi hutaka nafasi iwekwe mapema kwa simu kwa kutumia namba ya pasipoti. Treni ya chini ya ardhi hufika jirani na karibu yote. Majira mazuri ni Aprili na mwishoni mwa Oktoba. Juni na Julai huwa na mvua za mfululizo, Agosti huwa na joto kali lenye unyevu, na wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, ambapo ngazi za kaburi la Sun hujaa watu kiasi cha kutopitika.