Kubadilisha Diski katika Seva ya Zamani: Moja Moja, na Nakala Kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la parokia nyingi si kitabu tena. Majina ya waliobatizwa, kadi za wagonjwa wa zahanati, hesabu za kikundi cha akiba na mikopo, orodha ya watoto wanaolipiwa karo: yote yamo katika kisanduku kimoja pembeni mwa ofisi. Kisanduku hicho ndicho seva ya faili. Mara nyingi kina miaka kumi na zaidi, kilitolewa na wafadhili au kilinunuliwa mtumba, na bado kinafanya kazi. Kinachochoka mapema ni diski zake. Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kuzibadilisha bila kupoteza kilichomo.

KILICHOMO NDANI

Seva ya faili ni kompyuta ambayo kazi yake ni kutunza faili na kuzigawa kwa kompyuta nyingine za ofisi. Ndani mna diski mbili au nne. Kila diski ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake karibu sana, hata chembe ya vumbi haipati nafasi ya kupita. Ndiyo maana diski haipendi kugongwa, joto wala stima ya kukatikakatika.

Kwa kawaida diski mbili hufanywa pacha: kila kinachoandikwa katika moja huandikwa pia katika nyingine. Huu ni mmoja wa mipango iitwayo RAID, jina lililotolewa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala yao ya 1988. Pacha mmoja akifa, mwingine anaendelea kuhudumia ofisi. Lakini tangu saa hiyo ofisi nzima inategemea diski moja tu, tena iliyozeeka pamoja na mwenzake. Hapo ndipo kosa dogo la fundi linaweza kumaliza kila kitu.

NAKALA KWANZA

Pacha si nakala. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika pande zote mbili papo hapo. Kirusi kikiingia, kinaharibu zote. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote. Basi kabla ya kushika bisibisi, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Usiridhike kwamba imenakili: fungua faili tano sita kwenye kompyuta nyingine, hasa zile za hesabu, uone kama zinasomeka. Andika pia kwenye karatasi mipangilio ya seva, yaani jina lake, anwani yake ya mtandao na majina ya watumiaji. Neno la siri la msimamizi liandikwe na kufungiwa kabatini.

DISKI GANI INUNULIWE

Ukubwa. Seva nyingi za zamani haziwezi kutumia diski inayozidi terabaiti 2. Zinahesabu vipande vya diski kwa namba ya biti 32, na kila kipande ni baiti 512. Ukizidisha unapata baiti 2,199,023,255,552, na hapo hesabu inaisha. Ukiweka ya terabaiti 4, huenda ikaonekana pungufu au isionekane kabisa. Soma kitabu cha mashine kabla ya kutoa pesa. Tena diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, hata kwa kiasi kidogo, maana seva itaikataa.

Namna ya kuandika. Diski nyingine huandika mistari ikilaliana kama mabati ya paa. Teknolojia hiyo inaitwa SMR. Kubadilisha mstari mmoja kunailazimu diski kuandika upya na ile ya jirani, kwa hivyo kumjaza pacha mpya kunachukua muda mrefu mno, na seva yaweza kudhani diski imekufa. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba kampuni ya Western Digital ilikuwa imetumia SMR katika baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa kazi hii hii, bila kuwaambia wanunuzi. Mwombe muuzaji diski ya aina ya CMR.

Stima. Baadhi ya diski za kisasa, hasa zilizoundwa kwa ajili ya vituo vikubwa vya data, hutumia pini ya tatu ya plagi ya stima kupokea amri ya kuzimika. Seva ya zamani yaweza kuwa inapeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo wakati wote, basi diski inakaa kimya kama imekufa, kumbe ni nzima. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya kugombana na muuzaji.

Mtumba. Diski hutunza yenyewe hesabu ya saa ilizofanya kazi. Omba uonyeshwe. Diski inayoitwa mpya lakini ina saa 20,000 imefanya kazi zaidi ya miaka miwili bila kupumzika.

KAZI YENYEWE

1. Chagua jioni ambayo ofisi imefungwa, na wote wawe wamefunga faili zao. Kama mna betri ya akiba, seva iunganishwe nayo, maana stima ikipotea katikati ya kazi si mchezo.

2. Ingia katika ukurasa wa msimamizi uone diski ipi ni mbovu. Andika nambari yake ya kiwandani, usiandike nafasi yake pekee. Mashine nyingine huanza kuhesabu nafasi kwa 0, nyingine kwa 1. Fundi anayeng'oa "ya kwanza" anaweza kung'oa ile nzima na kuacha iliyokufa.

3. Zima seva kwa utaratibu, kisha chomoa waya wa stima. Ziko seva zinazoruhusu diski kubadilishwa zikiwa zinawaka, lakini kama kitabu hakisemi hivyo, zima.

4. Gusa bati tupu la kisanduku ili umeme tuli utoke mwilini. Shika diski kwa kingo zake.

5. Toa diski moja tu. Linganisha nambari na uliyoandika. Bandika karatasi yenye neno MBOVU na tarehe.

6. Funga diski mpya kwa skrubu zile zile, kwa sababu skrubu ndefu yaweza kuharibu diski. Isukume mpaka plagi zishike, kisha washa. Seva ikiuliza kama ifute diski, hakikisha inataja ile mpya peke yake. Ikitaja zote, jibu hapana, zima, na mwite anayeijua mashine hiyo.

7. Subiri. Seva inayonakili megabaiti 100 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa tano na nusu kujaza terabaiti 2, na nyingi za zamani huenda polepole kuliko hapo. Haraka haraka haina baraka: usiguse diski ya pili mpaka ukurasa wa msimamizi useme pacha wote wawili ni wazima.

Kama mlitaka kuongeza nafasi, sasa rudieni hatua hizi kwa diski ya pili. Nafasi haiongezeki mpaka zote mbili ziwe kubwa, kwa sababu pacha hupimwa kwa yule mdogo.

DISKI ILIYOTOLEWA

Isitupwe jalalani wala kupewa watoto wachezee. Iliyoshindwa kazi ya seva bado yaweza kusomwa na mwingine, na ndani mna majina ya wagonjwa pamoja na magonjwa yao. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kama inawaka, ifutwe yote kwa programu. Kama imekufa, sahani zake zitobolewe kwa drili.

KWA KAMATI ZETU

Tunaomba kila kamati iulize maswali matatu katika mkutano ujao. Nakala ya mwisho ilifanywa lini, na je, iko katika jengo tofauti na seva? Diski zilizomo zina umri gani? Ni nani, zaidi ya mtu mmoja, anayejua neno la siri lilipofungiwa? Kama hata swali moja halina jibu, msingoje diski ife. Anzeni na nakala wiki hii.