JIKO LA KUCHEMSHIA MBEGE KWA MTAJI MDOGO: USIACHE KUNI ZILE FAIDA YAKO

Mimi napika mbege hapa Moshi. Wanaoanza huniuliza sana: hela kidogo niliyonayo ninunue sufuria kubwa zaidi au jiko la gesi? Jibu langu: jenga kwanza jiko la udongo.

Sababu ni hii. Kwenye mbege moto unawashwa mara mbili: kuchemsha ndizi mbivu kwa masaa kadhaa, halafu kupika uji wa kimea cha ulezi. Ndizi na ulezi lazima ununue. Kwenye kuni ndipo unapoweza kubana matumizi.

Tupige hesabu. Chukulia sufuria ya lita 40. Hapa Moshi maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwa sababu tuko juu. Kutoka nyuzi 20 hadi hapo, kilo moja tu ya kuni kavu ingetosha kama joto lote lingeingia kwenye sufuria. Lakini kwenye mafiga matatu, katika kila sehemu 100 za joto, zinazoingia ni kama 15. Zilizobaki zinaenda na upepo. Kwa hiyo unachoma kilo 5 na nusu. Jiko lililojengwa vizuri likikufikisha 30, unatumia chini ya kilo 3.

Tuseme kwako kilo ya kuni ni sh. 200 na unapika mara 3 kwa wiki. Unaokoa kama sh. 1,600 kila wiki. Kwa wiki 50 ni sh. 80,000, na hapo hatujahesabu yale masaa ya kuchemka.

Sasa twende kwenye ujenzi:

1. Jenga kwa kipimo cha sufuria yako. Ukuta uizunguke hadi karibu na mikono yake, ukiacha nafasi ya upana wa kidole (sentimita 1 hadi 1.5). Moto utapanda ukilamba ubavu wa sufuria. Nafasi ikiwa finyu sana, moshi unarudi mlangoni. Ikiwa pana, joto linakimbia.

2. Ukuta uwe wa matofali na udongo wa kichuguu uliochanganywa na pumba za mpunga. Pumba zikiungua zinaacha vitundu vya hewa, na hewa hiyo inazuia joto lisitoke. Saruji usiiweke sehemu ya moto, inapasuka.

3. Weka wavu wa vipande vya nondo. Kuni zikae juu yake, hewa ipite chini. Moshi unapungua, macho na kifua vinapona.

4. Acha jiko likauke kivulini wiki 2 au 3 kabla ya kuwasha moto mkubwa.

Likishakamilika, kazi inabaki kwenye matumizi. Kuni ziwe kavu na zilizopasuliwa nyembamba, maana kuni mbichi inatumia joto kukausha maji yake yenyewe. Sufuria ikishachemka, punguza moto na ufunike. Kuchochea zaidi hakuongezi joto, kunaongeza mvuke tu. Lita 6 zikipotea kwa mvuke, umechoma kuni sawa na za kuchemsha sufuria nzima upya!

Kuhusu chombo, hapa usibane matumizi. Pipa lililobeba dawa za shamba, rangi au kemikali yoyote usilipikie, hata ulioshe mara ngapi. Ndoo na mapipa ya bati lililopakwa zinki nayo hapana, kwa sababu mbege ina uchachu na uchachu unayeyusha zinki. Mteja akiumwa tumbo kwa pombe yako, jiko zuri halitamrudisha.

Pia, pombe za kienyeji zina leseni yake. Pita halmashauri uulize kabla hujajenga, usije ukawekeza halafu ukafungiwa.

Wiki hii fanya jambo moja: azima mzani, pima kuni za mpiko mmoja, andika kwenye daftari. Ukishajenga, pima tena. Tofauti utakayoiona ni faida yako iliyokuwa inaungua.

Mtumie na mama lishe, muuza supu au mpika togwa unayemfahamu. Jiko ni lile lile.