Kwa nini sabuni hukataa povu katika maji ya kisima

WANAOFUA kwa maji ya baadhi ya visima vya Dar es Salaam wanaijua adha hiyo: mche wa sabuni huisha upesi, povu halionekani na beseni hubaki na utando mweupe. Wengi huilaumu sabuni, kumbe tatizo liko kwenye maji.

Molekuli za maji huvutana. Zile za juu kabisa, ambazo hazina wenzao upande wa hewa, huvutwa kwa ndani, na uso wa maji ukawa kama ngozi iliyokazwa. Ndiyo maana tone la maji hujikunja likawa duara juu ya kitambaa chenye mafuta badala ya kupenya.

Sabuni ndiyo huilegeza ngozi hiyo. Chembe yake ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine huyakimbia, hivyo hujipanga usoni mwa maji na kupunguza mvutano huo kwa zaidi ya nusu. Hapo maji hupenya kwenye nyuzi na kuondoka na mafuta.

Lakini katika maji magumu, madini ya kalisi na magnesi huinasa sabuni kabla haijafanya kazi na kuigeuza kuwa ule utando usioyeyuka. Povu huanza tu baada ya madini hayo kwisha, na gharama ni ya mfuaji.

Sabuni za unga hustahimili zaidi. Kuchemsha maji nako husaidia, ila kwa ugumu unaotokana na bikaboneti pekee.