Jinsi Nilivyosaga Kioo cha Darubini

Wengi wenu mnakumbuka siku kioo cha darubini ya shule kilipovunjika. Ni mimi niliyekiangusha nilipokuwa nikikifuta. Kununua kingine ng'ambo kulihitaji fedha nyingi. Basi mwalimu wetu wa Fizikia akaniambia, "Kioo husagwa kwa mikono. Utakisaga wewe."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndivyo alivyofanya William Herschel, mwanamuziki wa mji wa Bath, Uingereza. Alijitengenezea vioo vya shaba na bati, na kwa darubini yake akaiona sayari ya Uranus mwaka 1781.

Kazi yenyewe ni hivi. Huchukuliwa vioo viwili vinene vya mviringo. Vyetu vilikuwa na upana wa sentimita 15. Kimoja hukazwa juu ya pipa, hutiwa maji na unga mkali wa kusagia. Kingine husukumwa juu yake, mbele na nyuma, huku msagaji akilizunguka pipa. Cha juu huliwa zaidi katikati, na cha chini huliwa kingoni. Hivyo cha juu hubonyea kama kisahani. Kina tulichohitaji kilikuwa milimita 1.2 tu, ili miali ya nyota ikutane umbali wa sentimita 120.

Kisha unga hubadilishwa, kila mara laini zaidi. Hapo nilikosea. Sikuosha vyombo vizuri, na punje moja ya unga wa kwanza ikakikwaruza kioo. Kazi ya majuma matatu ikapotea. Sikumwambia mtu. Mwalimu aliona mwenyewe, akanyamaza, akaniletea ndoo ya maji.

Mwishowe kioo hung'arishwa kwa lami ngumu na unga mwekundu, kisha hupimwa kwa njia ya Foucault wa Ufaransa, ya mwaka 1858. Mwanga wa tundu dogo hutupwa kiooni, na wembe huukata unaporudi. Kilima au bonde huonekana kama kivuli, hata kisipofika sehemu moja katika elfu kumi ya milimita.

Mwalimu alikipaka fedha mwenyewe katika maabara, akamwaga mabaki ya dawa papo hapo, kwani yakiachwa huweza kulipuka.

Juma lililopita tuliitazama Zohali na pete zake. Mpishi wetu alirudi kwenye foleni mara tatu.

Pipa na unga uliobaki vimo stoo. Anayetaka kujifunza na aje, ila aoshe vyombo.

Mwanafunzi, Kidato cha III