Fahamu: Funza, kiroboto wa sakafuni

Funza ni nini?
Ni kiroboto asiyezidi milimita 1, ambaye jike lake, likiisha kupenya kando ya ukucha au kisiginoni, huvimba kama punje ya mbaazi na kudondosha mayai ardhini.

Asili yake
Alitoka Amerika ya Kusini, akashuka Angola kwa meli mwaka 1872, kisha akafuatana na misafara hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Kwa nini hudumu nyumbani?
Mabuu yake hustawi mchangani pakavu. Basi nyumba yoyote ya sakafu ya udongo, iwe Mahurunga au kwingineko kandokando ya Mto Ruvuma, yaweza kuwa maskani yake.

Hadhari
Sakafu inyunyizwe maji na kufagiwa kila siku, mifugo ilale nje, viatu vivaliwe. Naye aliyeathirika asichokolewe kwa pini chafu, iwezayo kuleta pepopunda, bali aende zahanati.